Kucha Kumi na Nane za Kifungo

Kwenye karakana ya sare walimwita Mara Moja, na jina hilo lilimkaa kuliko shati lolote alilowahi kuvaa. Alikuwa mkata vitambaa. Meza yake ilikuwa ndefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, na juu yake kitambaa kililazwa tabaka sita, kijivu au bluu, kikabanwa pembeni kwa vipande vya chuma. Aliweka karatasi ya vipimo, akapitisha chaki, akanyoosha mgongo, kisha akaingiza mkasi. Ukishaingia, mkasi ule haukutoka mpaka mwisho wa mstari. Mkasi unaosita katikati ya kitambaa huacha jino, na jino hilo mshonaji atalikuta na kulilaani, halafu mtoto wa watu atalivaa mwaka mzima. Kwa miaka thelathini na moja mkono wake haukuwahi kusita. Wageni kazini walipoogopa kukata, aliwaambia, "Ukishaanza, funga mkasi. Majuto yaje baadaye."

Mkewe alikuwa mshonaji hapohapo, mashine ya tatu kutoka mlangoni, na mdomo wake ulikimbia kuliko sindano. Alisimulia, alicheka, aligombana na msimamizi, akarudi kusimulia ule ugomvi kabla haujapoa. Nyumbani vilevile. Kuna jioni Mara Moja alimwomba amwachie japo dakika mbili za kimya asikilize taarifa ya habari, naye akamjibu, "Kimya utakipata ukizikwa, mume wangu, na hata huko nitakufuata."

Kiharusi kilimpata mkewe akiwa anafunga kamba ya kiatu. Alipotoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yalikuwa yameondoka, isipokuwa moja. Haya. Umeamka salama? Haya. Unaumwa? Haya. Chumvi imezidi? Haya. Daktari alieleza kwa upole kwamba ile sehemu ya ubongo inayotunza maneno imeharibika, wasitarajie makubwa. Mara Moja aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Alipofika nje ya geti akagundua hakumbuki hata ile sentensi ya mwisho ambayo mkewe alimwambia. Ilikuwa juu ya sabuni, au juu ya mlango. Kitu cha kawaida, na yeye hakuwa akisikiliza.

Kulikuwa na mbwa. Mkewe alimwokota miaka tisa nyuma kwenye rundo la vipande vya nguo nyuma ya karakana, kitoto cheusi chenye doa moja jeupe la duara kifuani, kama kifungo kilichoshonwa na mtu mwenye haraka. Akamwita Kifungo. Alikuwa jike mnene mwenye masikio yaliyolegea, na tangu mwenye mbwa alipolala kitandani, mbwa naye aliacha kutoka. Alilala kando ya kitanda, upande wa kushoto, mahali ambapo ule mkono mzima ulining'inia. Mkono ulishuka, ukapapasa hewani, ukakuta kichwa.

Na hapo ndipo maneno yalipotoka.

Mara ya kwanza Mara Moja alidhani ni redio ya jirani. Alikuwa jikoni akichambua mchele. Sauti ikasema, "Umekula?" Aliweka ungo chini, akaenda hadi mlango wa chumba, akasimama. Mkewe alikuwa ameangalia chini, vidole vyake vikizunguka sikio la mbwa. "Umekula?" akarudia, wazi kabisa, kwa ile sauti yake ya zamani ya kugombeza kwa upendo. "Kaa hapa. Kaa."

Akaingia kwa pupa. "Mke wangu! Sema tena!"

Mkewe akamtazama, uso ukafunga. "Haya," akasema.

Tangu siku hiyo akajifunza kukaa mlangoni bila kuonekana. Alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, akavua viatu nje, akapita kwa soksi na kuegemea ukuta wa korido. Yalikuwa maneno machache tu. Njoo. Kaa hapa. Umekula? Siku moja paa lilipoanza kupigwa na matone, alisema, "Mvua hiyo." Mbwa alipoulizwa kama amekula, Mara Moja aliyekuwa koridoni alijibu kwa kunong'ona, "Nimekula." Hakuulizwa yeye. Alijibu kwa sababu swali lilikuwa zuri, na mtu mwingine wa kulijibu hakuwapo.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kila Jumapili kumwogesha mama yake. Jumapili moja alitoka chumbani ameshika beseni, midomo imebana.

"Baba, njoo uone."

Kwenye ugoko wa mama, chini kidogo ya goti, kulikuwa na mchubuko mrefu wenye ncha mbili. Mbwa alikuwa amejaribu kupanda kitandani. Kwa mtu mwingine ungekuwa mkwaruzo wa kupaka mafuta na kusahau, lakini mkewe alikuwa na kisukari, na pembeni ya mchubuko nyama ilishaanza kubadilika rangi.

"Ngozi ya mama siku hizi ni karatasi," binti akasema. "Unajua tulivyohangaika na kile kidonda cha kisigino. Miezi minne! Nusura wakate mguu. Sasa huyu mbwa ana kucha kama ndoano. Mwangalie, hata kutembea anateleza."

Ilikuwa kweli. Mbwa asiyetembea barabarani hasugui kucha zake. Za Kifungo zilikuwa ndefu, nyeusi, zimepinda, na kwenye sakafu ya saruji zililia ta, ta, ta, kama mtu anayepiga chapa kwa kidole kimoja.

"Nitazikata," Mara Moja akasema.

"Uliwahi kumkata?"

"Alikuwa anakata mama yako."

"Baba, sikatai. Mimi mwenyewe nampenda. Lakini kuna mlinzi wa ghala anatafuta mbwa, amesema atamchukua hata kesho. Nampa wiki moja. Jumapili ijayo nikikuta kucha hizi, mbwa anaondoka. Tusigombane."

Angeweza kumweleza. Angeweza kusema, mwanangu, mama yako anaongea, ila haongei na sisi. Lakini alimtazama binti yake, mikono yake yenye mapovu, mgongo wake ulioanza kupinda mapema, akaona hilo ni neno ambalo mtoto hastahili kulisikia.

Jirani aliyekuwa akimwangalia mgonjwa mchana, mama mtu mzima waliyemwita Mama Ng'ambo kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mbwa kando ya kitanda, baba mwenye nyumba kwenye kochi, na sasa baba anataka kumtengeneza mbwa kucha! Shemeji, usisahau kumpaka na rangi."

"Wewe cheka tu."

"Nacheka ndiyo. Umevisha nusu ya watoto wa mji huu, utashindwa na miguu minne? Mkate, yaishe."

Jumamosi mchana alijiandaa kama anavyojiandaa kwa kazi. Alinoa mkasi mdogo wenye nguvu, ule wa kukatia turubai. Akamlaza Kifungo kwenye mkeka kando ya kitanda, upande wa kushoto, kwa sababu alijua hapo ndipo mbwa hutulia. Akachukua chaki nyeupe na kuweka alama kwenye kila ukucha, kipimo kilekile kwa zote, mstari mmoja ulionyooka. Zilipendeza. Kucha nyeusi kumi na nane zenye mistari myeupe, nne mbele kwa kila mguu na moja ya gumba, nne nyuma kwa kila mguu. Kisha akauinua mkono wa mkewe na kuuweka kwenye mkanda wa shingoni wa mbwa.

"Mshike," akamwambia. "Mshike kidogo tu asiruke."

"Haya," akasema mkewe, na vidole vikafunga.

Ukucha wa kwanza ulikatika kwa sauti kavu, ukarukia chini ya kabati. Wa pili vilevile. Mbwa alitikisa sikio tu. Mara Moja akasikia ndani yake ile raha ya zamani ya mezani, chombo kukubali, mstari kunyooka. Wa tatu ulikuwa mnene zaidi na umepinda. Alama ya chaki ilikuwa palepale kama kwenye nyingine. Akaweka mkasi juu ya alama, akabana.

Hakujua kwamba kila ukucha una nyama yake hai ndani, yenye damu, na kwamba nyama hiyo haifuati kipimo cha mtu. Mahali pengine iko nyuma, mahali pengine imesogea mbele pamoja na ukucha. Katika ukucha mweupe ungeiona. Katika mweusi huioni. Mkasi ulipofika nusu, Kifungo alilia. Ni nusu sekunde tu. Mtu mwingine yeyote, fundi viatu, muuza mboga, mtoto, angeufungua mkono wake kwa mshtuko. Mkono wa Mara Moja ulikuwa na miaka thelathini na moja ya kutofunguka. Mbwa alipolia, alimalizia mstari.

Kelele ile ilijaza chumba. Mbwa aliruka nyuma, lakini mkanda ulishikwa. Mkewe alishtuka, na mkono wake mzima, uliokuwa ukifanya kazi ya mikono miwili kwa mwaka wa pili sasa, ukakaza badala ya kuachia. Kifungo alijinyonga, akalia, akakwaruza sakafu, huku damu ikitapakaa mkekani, kwenye shuka, kwenye kifundo cha mkono wa mkewe. "Mwachie!" Mara Moja alipiga kelele. "Mwachie, mwachie!" Macho ya mkewe yalikuwa yamemtoka. Vidole havikusikia. Ilibidi avifungue kimoja kimoja.

Mbwa alikimbia kwa miguu mitatu hadi uani, akajibana nyuma ya pipa la maji. Damu ilichora njia nzima ya korido. Na kutoka chumbani, kwa sauti iliyopanda kila mara, mkewe alikuwa akiita, "Njoo. Njoo. Njoo!"

Mbwa hakwenda.

Kesho yake binti alikuta mbwa amelala kizingitini mwa jikoni, mguu umefungwa kitambaa cha sare. Alisikiliza habari yote. Hakumlaumu baba yake. Alikwenda chumbani, akamtazama mama, akamwita Kifungo. Mbwa alifika hadi mlangoni, akaona ule mkono ukining'inia kando ya kitanda, akajilaza tumbo chini na kurudi nyuma hivyohivyo, kinyumenyume.

"Basi akae," binti akasema. "Kama hasogei kitandani, hana madhara tena."

Hivyo ndivyo Mara Moja alivyomwokoa mbwa.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, ya kwanza baada ya muda mrefu, akaenda kwenye duka la dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akipima dawa ya kuku kwenye karatasi. Alimwacha asimulie mpaka mwisho.

"Ulitumia mkasi gani?"

"Wa turubai."

"Mungu wangu. Na nani alimshika?"

Mara Moja akatazama kuku kwenye picha ya ukutani. "Mtu anayempenda," akasema.

Mwanamke akaacha kupima. Alitoa kikata kucha kidogo chenye mdomo wa duara, na kichupa cha poda ya kuzuia damu. "Ukikosa hii, unga wa mahindi mlaini unasaidia. Unabana ukucha kwa kitambaa dakika tano bila kuchungulia. Lakini sikiliza. Wiki ya kwanza usikate kitu. Shika mguu, achia, mpe kipande cha nyama. Shika, achia. Aone kwamba mguu wake unarudi. Ukianza kukata, ondoa kidogo kidogo, kama unachonga penseli. Kila ukipunguza, tazama uso wa ukucha ulipokata. Mwanzoni ni mkavu, mweupeweupe. Ukiona katikati kimeingia kidoa cheusi, chenye unyevu, simama. Hapo nyama iko karibu. Hata kama umebakiza urefu usioupenda, simama. Nyama yenyewe itarudi nyuma baada ya wiki kadhaa, na utapunguza tena. Wewe kazi yako nini, mzee?"

"Mkata vitambaa."

"Basi sahau kila unachokijua."

Alisahau kwa shida. Jioni alikaa sakafuni jikoni, miguu imenyooka mbele, na Kifungo akiwa amelala umbali wa mkono mmoja. Siku tatu mbwa hakukubali hata kuguswa bega. Siku ya nne alikubali kidole kipite juu ya mguu. Shika, achia. Kipande cha nyama. Shika, achia. Mama Ng'ambo alipita, akaona, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. "Shemeji," alisema tu, "sakafu ni baridi hiyo," akamletea mto.

Wiki ya tatu alikata ukucha mmoja. Alipunguza kipande kama ganda la kitunguu, akaangalia, akapunguza kingine, akaangalia. Kidoa kikatokea. Mkono wake ulitaka kuendelea, ulikuwa na njaa ya mwisho wa mstari, akaulazimisha kufunguka. Ikawa ukucha mmoja kwa siku, na siku nyingine hata huo haukuwezekana. Kazini pia mambo yakaharibika. Siku moja, katikati ya tabaka sita za bluu, alisimamisha mkasi na kuchungulia. Msimamizi akauliza kulikoni. Kitambaa kikabaki na jino.

Na muda wote huo, kule chumbani, mkewe alikuwa anaita.

Wiki ya kwanza aliita kutwa nzima, Mama Ng'ambo alisema. Njoo. Njoo. Mkono ukishuka, ukipapasa, ukipanda. Wiki ya pili aliita asubuhi na jioni. Mara Moja alijaribu kila njia. Alimbeba Kifungo mikononi hadi ndani, mbwa akatetemeka kama mashine iliyokatika mkanda, akamkojolea. Alisogeza sahani ya chakula hatua kwa hatua kuelekea kitandani. Mbwa akala mpaka kizingiti na kuiacha iliyobaki. Wiki ya nne neno la "njoo" lilikuja mara moja tu, siku ya Alhamisi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu swichi huku akijua umeme haupo.

Siku hiyo Mara Moja alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Aliingia chumbani kwa soksi, akapiga magoti kando ya kitanda upande wa kushoto, akainamisha kichwa chake mpaka kikawa chini ya ule mkono. Mkono ukagusa nywele. Nywele zake zilikuwa fupi, ngumu, zimeingia mvi. Vidole vikapita nyuma ya shingo, vikatafuta sikio, vikalipata, vikalishika. Alifumba macho. Aliacha kupumua. Alikuwa tayari kabisa kuulizwa kama amekula.

Vidole vikatulia. Vikapapasa tena sikio, polepole, kwa kulichunguza. Kisha vikaachia, na mkono ukajivuta juu ya shuka.

"Haya," akasema mkewe.

Alibaki pale magotini mpaka miguu ikafa ganzi.

Ukucha wa kumi na nane, ule wa gumba wa mguu wa kulia, ulimchukua siku mbili. Ulikuwa umejikunja kama pete. Alipomaliza, akausugua kwa msasa mpaka hakuna ncha, akaupitisha kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe, juu na chini, mara nyingi. Haukuacha hata mstari mweupe. Mbwa akainuka, akavuka korido, na hapakuwa na mlio wowote. Ilikuwa wiki ya nane.

Aliingia chumbani siku tatu baadaye, mwenyewe, bila kuitwa. Mara Moja alikuwa akikunja nguo sebuleni, akaona mkia mweusi ukipotea mlangoni. Akaweka shati chini na kuifuata ile njia yake ya kila siku ya ukutani. Kifungo alikuwa amefika kando ya kitanda. Alinusa mkono uliokuwa umelala juu ya shuka. Akakaa. Akaweka kidevu ukingoni mwa godoro na kungoja, na Mara Moja akangoja.

Mkewe alikuwa macho, akitazama dari. Mbwa akausukuma mkono kwa pua. Mkono ukateleza, ukaangukia juu ya kichwa cha mbwa, ukabaki pale, kiganja wazi, vidole vimenyooka. Haukuzunguka sikio. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, na kwa muda mrefu Mara Moja aliitazama midomo ile kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote, chaki au mstari au uso wa mtu. Hewa ilipita. Hakukuwa na neno ndani yake.

Binti alipokuja Jumapili alifurahi kumkuta mbwa kando ya mama, akashika mguu mmoja, akakagua. "Baba! Kazi nzuri. Kumbe unaweza." Kisha akainama. "Mama, umemwona Kifungo? Mama?" Akasubiri. Akageuka. "Amenyamaza sana siku hizi. Hata haya hasemi. Imeanza lini?"

"Sijui," Mara Moja akasema. "Taratibu."

Kucha za mbwa zinaota. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimeanza tena kugusa saruji. Jumapili nyingine binti alimkuta baba yake sakafuni kando ya kitanda, miwani puani, kikata kucha mkononi, mbwa amelala ubavu bila kushikwa na mtu. Alimtazama kwa muda akiwa na beseni kiunoni.

"Baba, si upumzike? Mbona bado fupi. Na mama mwenyewe ndiyo hivyo, hata Kifungo hamjui tena."

Mara Moja alikuwa ameshika ukucha wa tatu wa mguu wa kushoto, ule uliowahi kukatwa vibaya, ambao siku hizi uliota ukiwa mnene na mgumu kusomeka. Alipunguza ganda moja, akaugeuzia mwanga wa dirisha, akaangalia. Akapunguza jingine. Juu yao mkono wa mkewe ulining'inia ukingoni mwa godoro, wala haukutafuta kitu.